Je, Wajua? Kinachomrefusha Mtoto wa Kitengela

Je, wajua kwamba kabla mtoto hajatimiza miaka mitano, kabila lake halina mengi ya kusema kuhusu urefu wake? Kati ya 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipima watoto zaidi ya 8,000 mahali sita: Pelotas nchini Brazil, Accra nchini Ghana, Delhi nchini India, Oslo nchini Norway, Davis nchini Marekani na Muscat nchini Oman. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa ipasavyo, ambao mama zao hawakuvuta sigara na ambao kwao hapakuwa na dhiki. Wote walirefuka kwa kasi inayokaribiana mno. Tofauti kubwa ilikuwa baina ya mtoto na jirani yake wa mji uleule, wala si baina ya mji na mji.

Wajua basi kwamba ile michirizi ya kitabu cha kliniki, ambapo muuguzi hutia nukta kila mtoto anapopimwa uzito, imetokana na watoto hao? Vipimo vilitangazwa Aprili 2006. Mtoto wa Bissil, hapa Kajiado, hulinganishwa na wa Muscat na wa Oslo, na ni haki yake kulinganishwa nao. Ukimsikia mtu akisema "sisi kwetu ni wafupi tu" na mtoto mwenyewe ana miaka miwili, usiitikie haraka.

Mwaka 2014, watoto 26 katika kila 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa 18. Damu ya Wakenya haikubadilika kwa miaka minane.

Na mwaka huohuo wa 2022, Kilifi ilikuwa na watoto 37 katika kila 100 waliodumaa, na Pokot Magharibi 34. Taifa moja, bendera moja, na urefu wa watoto usiolingana.

Je, wajua kwamba Waholanzi, ambao leo vijana wao wa kiume wa miaka 19 ndio warefu kuliko wote duniani kwa wastani wa karibu sentimita 184, walikuwa miongoni mwa watu wafupi wa Ulaya katikati ya karne ya 19? Au kwamba watoto wa Kimaya waliozaliwa Marekani na wazazi waliotoka Guatemala walipopimwa na mwanaanthropolojia Barry Bogin na wenzake, walionekana kuwazidi wenzao waliobaki Guatemala kwa sentimita kumi na ushei? Kizazi kimoja tu. Wazazi hawakubadilisha damu, walibadilisha mtaa.

Hili linalofuata nitalikalia kidogo, kwa sababu ni la kwetu. Je, wajua kwamba mojawapo ya tafiti za mwanzo zilizotajwa sana duniani kuhusu lishe na ukuaji ilifanywa hapa Kenya, na waliolinganishwa walikuwa Wamaasai na Wakikuyu? John Boyd Orr, daktari kutoka Scotland, na John Gilks, aliyekuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni, walichapisha ripoti yao mwaka 1931. Mwanamume wa Kimaasai, walisema, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi tano hivi na kwa ratili 23, na kifaa cha kupimia nguvu za mkono kilionyesha kwamba alimzidi kwa nusu nzima. Mmoja aliishi kwa maziwa, nyama na damu. Mwingine aliishi kwa nafaka, viazi na kunde. Boyd Orr ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo (FAO) mwaka 1945, kisha akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1949.

Ripoti ikasomwa kama hukumu ya mahakama: maziwa yameshinda, mahindi yameshindwa, funga faili. Lakini ndani ya ripoti yenyewe mlikuwa na jambo la kuwatatiza wasomaji. Wanawake wa Kikuyu, waliokula mboga za majani kuliko waume zao, walikuwa na afya bora kuliko waume hao, na pengo kati yao na wanawake wa Kimaasai lilikuwa dogo. Maana yake, kile kilichoitwa chakula cha Wakikuyu kilikuwa vyakula viwili katika boma moja, kimoja cha baba na kingine cha mama. Tena wanaume hao walipimwa wakati gani? Wakati ardhi imekwisha kuchukuliwa, kodi ya nyumba inadaiwa, na kijana anakwenda kuajiriwa kwenye shamba la mzungu na kulishwa posho ya unga wa mahindi. Mwanahistoria Cynthia Brantley aliipitia upya ripoti hiyo mwaka 1997 na kuonyesha jinsi sayansi ya kikoloni ilivyoyaruka mambo kama hayo. Hata leo kuna watu Kitengela wanaobishana kuhusu urefu wa makabila bila kujua kwamba wanarudia gumzo la mwaka 1931.

Boyd Orr huyohuyo aliwapa watoto wa shule wa Scotland maziwa katika miaka ya 1920, wakarefuka. Uingereza ikatunga sheria ya maziwa ya shule mwaka 1934. Kenya ilipata maziwa yake ya shule mwaka 1979, rais Daniel arap Moi alipoanzisha maziwa ya Nyayo. Waliosoma shule ya msingi miaka ya 1980 wanazikumbuka zile pakiti, na wengine wanakumbuka pia walivyozipasua kwa mguu ili zitoe mlio.

Je, wajua kwamba katika boma la Kimaasai, ng'ombe akiitwa wa mzee, maziwa yake huwa ya mama? Kwa desturi kila mke hutengewa ng'ombe wake wa kukamua. Yeye hukamua asubuhi na jioni, huamua ndama abakishiwe kiasi gani, na hugawa kibuyu. Mtoto mdogo hutangulia. Sheria ya nyumba hiyo haijaandikwa popote, lakini imelisha watoto wengi kuliko miradi mingi iliyoandikwa vizuri.

Wajua pia kwamba morani, kwa mila, hanywi maziwa peke yake bila mwenzake wa rika, wala hali nyama mbele ya wanawake walioolewa? Wageni waliliona hilo kama mbwembwe za ujana. Tazama upande wa pili: vijana wenye njaa kubwa kuliko wote huondolewa kwenye chungu cha nyumbani, na kilichobaki nyumbani ni cha mama, wazee na watoto. Sidai kwamba aliyeiweka mila hiyo alikuwa na lishe akilini. Nasema tu matokeo yake yalifika tumboni.

Watafiti wa mifugo waliofanya kazi mashariki mwa Kajiado mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika ranchi za Olkarkar, Merueshi na Mbirikani, walikuta unga wa mahindi na sukari vimekwisha kuingia bomani. Maziwa yalikuwa bado chakula kikuu cha watoto, ila hayakuwa tena peke yake. Kwa hiyo anayekuambia kwamba Wamaasai "wanaishi kwa maziwa na damu" amechelewa kwa zaidi ya miaka arobaini.

Sasa, maziwa yakianza kuuzwa? Bodaboda hupita alfajiri na mitungi, maziwa yakaenda Kitengela, mengine yakaishia kwenye mashine za mtaani ambazo watu huziita ATM za maziwa. Hakuna ubaya hapo. Swali la lishe ni moja tu: pesa zinaingia mkononi mwa nani? Zikiingia kwa mama, hurudi nyumbani kama unga, mafuta na mboga. Zikienda kwa mwingine, hurudi pengine, pengine hazirudi.

Je, wajua kwamba hatimiliki ya ardhi ni habari ya lishe? Mwaka 1968 Kenya ilipitisha sheria ya ranchi za vikundi, na Wamaasai wa Kajiado wakasajiliwa kumiliki malisho kwa pamoja. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa katika miaka ya 1980, kila mwanachama akapewa kipande chake. Vipande vikauzwa, vikakatwakatwa kuwa ploti, zikapanda nyumba na kuta. Sensa ya 2019 ilikuta watu 1,117,840 katika kaunti nzima, na zaidi ya 150,000 kati yao wakiwa mjini Kitengela. Ng'ombe aliyezoea kufuata mvua hawezi kuruka ukuta. Akikosa majani, maziwa hukauka, na wa kwanza kulipia bei ya ploti ni mtoto ambaye hakuwa mezani siku ya kutia sahihi.

Lakini sikiliza kisa hiki. Kuanzia mwaka 2000, wenye ardhi kusini mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi walianza kulipwa takriban dola nne kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua wala kuuza, wanyamapori wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakafuata kalenda ya shule ili karo ipatikane. Karo ikilipwa na pundamilia, ng'ombe wa maziwa hauzwi mwezi wa kwanza.

Wajua jinsi ukame unavyopimwa Kajiado? Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame (NDMA) haitazami mawingu pekee. Inauliza: lita ngapi za maziwa zinapatikana nyumbani? Mbuzi mmoja ananunua kilo ngapi za mahindi? Kutoka nyumbani hadi majini ni kilomita ngapi? Na mkono wa mtoto una unene gani? Mambo manne, na matatu ya mwanzo mara nyingi hutabiri la nne. Umbali wa maji unaweza kukushangaza humo, lakini fikiria: kila kilomita inayoongezeka ni muda ambao mama hayupo kumnyonyesha, kupika, wala kumlaza.

Utepe wa kupimia mkono una rangi tatu. Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi 12.5 ni manjano, na zaidi ya hapo ni kijani. Wahudumu wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 walioanza kazi rasmi nchini mwaka 2023, hutembea nao mlango kwa mlango. Utepe huo hauhitaji mizani wala umeme.

Je, wajua kwamba katika ukame mtoto msumbufu anaweza kupona na mtulivu akafa? Mwaka 1974, daktari Marten deVries alikuwa amechunguza tabia za watoto wachanga wa Kimaasai, akawatambua kumi wenye vurugu kuliko wote na kumi watulivu kuliko wote. Ukame ukapiga, familia zikahama. Aliporudi alizipata 13 tu. Kati ya watulivu saba, watano walikuwa wamekufa. Kati ya wasumbufu sita, alikuwa amekufa mmoja. Ni watoto wachache sana, na mwanatakwimu mkali atakunja uso. Hata hivyo maelezo yake yanaingia akilini: anayelia hunyonyeshwa, na katika jamii inayopenda mtoto mwenye moto ndani yake, kilio hakimchukizi mama. Mtoto yuleyule, akizaliwa kwenye mtaa ambao jirani hugonga ukuta akisikia kilio, angeitwa tatizo.

Huenda umesikia kwamba wanawake wa Kimaasai hupunguza chakula miezi ya mwisho ya ujauzito. Ni kweli, watafiti wameliandika hilo mara nyingi, na wataalamu wa lishe hulilaani kila mara. Mtoto akizaliwa mdogo huanza maisha akiwa nyuma, na wengi hawaipati tena ile tofauti. Lakini kabla hujalaani nawe, jiulize sababu. Mtoto mkubwa tumboni, hospitali iko mbali, barabara ni mbovu na gari halipo: kuzaa kunaweza kuwa mauti. Wakunga wa zamani hawakuwa wajinga. Walichagua mtoto mdogo aliye hai pamoja na mama aliye hai. Kwa hiyo anayetaka mama ale vizuri huko Magadi au Mashuuru asianze na mahubiri ya lishe. Aanze na zahanati yenye mkunga usiku na gari la wagonjwa lenye mafuta. Kujifungua bila malipo katika hospitali za umma kulianza Juni 2013, na ilikuwa hatua, ingawa kutolipia hakufupishi barabara.

Msichana anayezaa kabla hajamaliza kurefuka hugombea chakula na mtoto aliye tumboni mwake. Mwaka 2022, wasichana 15 katika kila 100 wa Kenya wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Katika Samburu walikuwa 50.

Hebu tutoke nje ya nchi kidogo. Je, wajua kwamba ukali wa mlezi huweza kumzuia mtoto asinenepe hata akiongezewa chakula? Mwaka 1948, Mwingereza Elsie Widdowson alikuwa Ujerumani akifuatilia nyumba mbili za mayatima, kila moja ikiwa na watoto 50 hivi. Miezi sita ya mwanzo hakuna nyumba iliyoongezewa kitu. Kisha moja ikaongezewa mkate, jemu na maji ya machungwa. Alitarajia watoto hao wawapite wenzao. Hawakuwapita. Uchunguzi ukabaini kwamba wiki zilezile chakula kilipoongezwa, mlezi mmoja mkali alihamishiwa nyumba hiyo. Mama huyo alikuwa na desturi ya kungoja wakati wa kula ndipo awakemee watoto mbele ya wenzao, supu ikipoa na machozi yakitiririka. Nyumba aliyoiacha, isiyoongezewa kitu, ilianza kunawiri. Na kulikuwa na watoto wanane aliowapenda na kuhama nao. Hao walinenepa sawasawa.

Nawaachia hilo walimu wa zamu ya chakula cha mchana, na baba wanaosubiri saa ya chakula cha jioni ndipo waulize matokeo ya mtihani.

Kisa cha pili ni cha Kingston, Jamaica. Kuanzia 1986, watoto 129 waliodumaa waligawanywa: wengine wakapewa chakula cha nyongeza, wengine wakatembelewa nyumbani kila wiki kwa saa moja na mhudumu aliyemfundisha mama kucheza na mtoto kwa vitu vya kawaida, wengine wakapata vyote viwili, na wengine hawakupata chochote. Yakaenda hivyo miaka miwili. Miaka 20 baadaye, waliochezewa walikuwa wakipata kipato cha asilimia 25 zaidi ya wasiochezewa. Chakula pekee hakikuleta tofauti hiyo. Mtoto wa Kitengela anayebaki na yaya na televisheni kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja usiku pengine anashiba. Kushiba tu hakutoshi.

Na bibi je? Katika Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, watafiti wakiongozwa na Kristen Hawkes waliona kwamba mama wa Kihadza akishapata mtoto mchanga, uzito wa wale wakubwa hutegemea zaidi juhudi za bibi yao kuchimba mizizi. Bibi wa mtoto wa Kitengela yuko Kisii, au Machakos, au Siaya. Huja Desemba.

Turudi jikoni, mbiombio sasa.

Wajua kwamba chai huzuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri? Kikombe cha chai ya maziwa kwa mtoto wa mwaka mmoja, pamoja na mandazi, ni kiamsha kinywa cha nyumba nyingi Kajiado, bomani na mjini. Mpe saa moja au mbili baada ya chakula, au usimpe kabisa. Chungwa au limau hufanya kinyume: husaidia chuma kuingia.

Wajua kwamba yai moja kila siku kwa miezi sita lilipunguza udumavu karibu nusu huko Ecuador, katika utafiti uliochapishwa 2017, lakini lilipojaribiwa Malawi halikuleta tofauti hiyo? Malawi walijaribu karibu na ziwa, ambako watoto walikuwa tayari wanakula samaki wadogo. Huenda yai lilikuta kazi imeshafanyika. Samaki hao wadogo ni ndugu wa omena wa sokoni Kitengela. Kwa hiyo usimwonee haya muuza omena ukamkimbilia muuza mayai kwa sababu mayai ni ya kisasa.

Wamaasai kwa desturi hawakula samaki, wala kuku, wala wanyamapori. Kitengela ya leo inauza vyote isipokuwa wa mwisho, na mtoto wa Kimaasai anayesoma na watoto wa Kiluo na wa Kikamba huonja kwenye sahani ya rafiki yake kile ambacho kwao hakijawahi kupikwa. Mila nyingi za chakula huvunjwa hivyo, saa ya mapumziko shuleni, wala si kwenye semina.

Unga wa uji uliochanganywa wimbi, mtama, mahindi, soya, njugu, terere na omena, vyote pamoja? Unauzwa kama dawa. Mtoto aliyeanza kula juzi hauhitaji mkusanyiko huo wote. Tumbo lake likikataa, hutajua ni kipi kimekataliwa. Nafaka moja au mbili zinatosha, na maziwa au njugu iliyosagwa juu yake. Najua wasagaji hawatanipenda.

Unga wa mahindi wa viwandani Kenya lazima uongezwe vitamini na madini, sheria ya 2012. Unga wa kisiagi cha mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Chumvi ilitakiwa kuwa na madini ya joto tangu miaka ya 1970. Ndiyo maana tezi la shingo, lililokuwa la kawaida, vijana wengi hawajaliona.

Je, wajua kwamba maji ya visima virefu vya Kitengela na Athi River yana tatizo ambalo kuchemsha hakulitatui? Floraidi. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita, na sehemu nyingi za Bonde la Ufa na kandokando yake hupita hapo. Ukichemsha, maji hupungua na floraidi hubaki, kwa hiyo unazidisha. Meno ya mtoto hupata madoa ya kahawia yakiwa bado yanaumbika ndani ya ufizi, kabla ya miaka minane hivi. Nayo magadi, yanayotoka Ziwa Magadi humuhumu Kajiado na kutumika kulainisha maharagwe na mboga, huweza kuwa na floraidi nyingi, mbali na kuua baadhi ya vitamini chunguni. Loweka maharagwe usiku kucha. Utaokoa vitamini, na kuni pia.

Wajua kwamba choo safi na maji safi peke yake havikumrefusha mtoto? Utafiti mkubwa uliofanywa magharibi mwa Kenya, Bungoma, Kakamega na Vihiga, ukahusisha wajawazito zaidi ya 8,000 na kuchapishwa 2018, ulijaribu vyoo, kunawa mikono na kutibu maji. Urefu wa watoto haukubadilika. Ushauri wa lishe pamoja na nyongeza ya chakula ndivyo vilivyosogeza kipimo, na kwa kiasi kidogo tu. Vyoo vijengwe, vina faida zake nyingine tele. Ila anayeviuza kama dawa ya udumavu anauza asichokuwa nacho.

Katika shule 12 za Embu, kuanzia 1998, Charlotte Neumann, Nimrod Bwibo na wenzao waliwapa watoto githeri. Kundi moja githeri yenye nyama, jingine githeri na maziwa, jingine githeri yenye mafuta ya nyongeza, na la nne halikupewa chakula shuleni. Waliokula nyama waliongeza misuli na wakafanya vizuri kuliko wote katika mtihani wa kufikiri. Maziwa yaliwarefusha hasa wadogo waliokuwa wamedumaa. Tena walioonjeshwa nyama walionekana kuwa wachangamfu zaidi uwanjani, wakiongoza michezo. Kajiado huchinja na kuilisha Nairobi nyama kila alfajiri. Sehemu ndogo ya maini na matumbo ikibaki kwenye masufuria ya shule zake ingekuwa ya kutosha kuanzia, na bei yake haifiki ya nyama ya mbavu.

La mwisho, na ni la hesabu. Asilimia 60 ya watoto wa Kenya wa chini ya miezi sita hunyonya maziwa ya mama pekee, kwa takwimu za 2022. Mwaka 2003 walikuwa 13 tu. Kupanda huko ni kwa ajabu. Sasa chukua mama wa Kitengela anayeshona nguo katika kiwanda cha eneo la bidhaa za kuuzwa nje, Athi River. Ushauri wa daktari ni miezi sita. Likizo ya uzazi, kwa Sheria ya Ajira ya 2007, ni miezi mitatu. Mitatu inayobaki itajazwa na nani? Sheria ya Afya ya 2017 ilijaribu kujibu: kifungu cha 71 kinamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha chenye mahali pa kunawa, jokofu, soketi ya umeme, meza ndogo na kiti cha starehe. Kifungu kinachofuata kinampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi saa moja katika kila saa nane za kazi. Na katika saa hiyo, wajua, wamehesabu pia muda wa kutembea kutoka kwenye cherehani hadi chumbani na kurudi.